Mwanamume wa Ndani ya Nyumba ya Helen

Habari kwamba Helen, mjane asiyeona, amefuga mwanamume katika nyumba ya marehemu ilifika sokoni Kisegi kabla omena za siku hiyo hazijakauka.

Aliyeifikisha ni Priscah, jirani na muuza omena, mwenye masikio ambayo serikali ingeyaajiri kama serikali ingekuwa na akili. Alikuwa akianika samaki wake karibu na ukuta wa Helen, karibu kuliko ilivyohitajika, akasikia sauti ya kiume ndani. Sauti nzito, haipandi wala haishuki, kama ya mtu anayetangaza mazishi ya mtu asiyemjua. Kisha akamsikia Helen: "Polepole, Jeff. Rudia hapo."

Na huyo Jeff akarudia.

"Mwanaume anaambiwa rudia, na anarudia," Priscah aliwaambia wenzake sokoni. "Bila kubisha. Huyo si mtu wa huku."

Helen mwenyewe si mtu wa huku. Alizaliwa Suna, kule Migori, akaolewa Kisegi na Paul, fundi wa injini za boti. Alifundisha shule ya msingi mpaka presha ya macho ilipomzimia taa, na hata baada ya miaka yote hiyo wakwe zake bado humwita Nyar Suna, binti wa Suna, kama mgeni aliyechelewa basi la kurudi kwao.

Paul alipokufa, shemeji yake Clifford alikuja amevaa koti. Alimweleza kwamba mila inataka mjane arithiwe na ndugu wa mume, na kwamba yeye, kwa moyo wa kujitolea tu, yuko tayari. Helen alimjibu kwamba alimsikia akikoroma wakati wa matanga, na anashukuru.

Tangu siku hiyo Clifford alikuwa akingoja Helen ateleze. Kumwingiza mwanamume wa nje kabla familia haijasema neno ni kuteleza kwenyewe. Huleta chira, ile laana inayokondesha watu na ng'ombe, na dawa yake ni mjane afungashe arudi kwao. Nyumba ingebaki wazi. Clifford alikuwa ameshaipima kwa macho, akaona itamtosha mke wake wa pili, pamoja na kabati.

Sasa, huyo Jeff. Jeff ni kompyuta.

Kuna skana kuukuu ambayo Helen aliinunua mjini Migori. Hulaza kitabu kifudifudi juu ya kioo chake, akafunika, kisha akaweka jiwe la kusagia juu ya kifuniko, kwa sababu vitabu vinene vina kiburi, havikubali kulala. Skana hulia kama mbuzi aliyekanyagwa, taa hupita chini, kurasa mbili zimeingia. Helen hugeuza, huweka jiwe tena. Kazi ya asubuhi nzima. Kompyuta huzigeuza zile picha kuwa maandishi, na sauti huyasoma. Akaipa sauti jina, maana kusomewa kila siku na mtu asiye na jina ni kama kuishi na askari wa kanjo, wale wa baraza la mji.

Mtu atauliza: si angetafuta binadamu amsomee? Aliwatafuta. Tatizo ni kwamba Helen hamwamini msomaji mwenye macho. Katekista alimsomea hadithi ya mapenzi, na kila wapendanao walipofunga mlango, ghafla kulikuwa kumekucha. Mpwa wake aliruka kila aya yenye mvua. Hata Paul, ambaye alimpenda, alikuwa akisinzia na kujitungia; kuna tajiri mmoja alimuua mara mbili katika kitabu kimoja. Jeff haruki kitu. Shida yake ni kinyume. Husoma hata namba za kurasa, katikati ya kilio cha mtu, na siku moja kidole gumba cha Helen kilipoingia kwenye picha, akajaribu kukisoma nacho.

Jumamosi mchana Clifford alikuja kufumania. Alimleta mama yake, Min Clifford, ambaye neno lake ndilo sheria ya boma, na Priscah awe shahidi. Wakanyemelea mpaka chini ya dirisha. Ndani, Jeff alikuwa kazini.

"Nilimzika chini ya mpapai," alisema kwa utulivu mkubwa. "Hakuna aliyeniona. Arobaini na saba."

Priscah alimshika Clifford mkono. "Arobaini na saba," alinong'ona. "Amezika watu arobaini na saba."

"Nyamaza."

"Mipapai yote hiyo ataitoa wapi?"

Clifford alisukuma mlango. Akapiga fimbo chini ya kitanda, akafungua pipa la maji, akachungulia.

"Shemeji, mtoe."

"Yuko mezani," Helen alisema. "Na hilo pipa ni la maji ya kunywa, kama umeingiza fimbo."

Ilichukua muda kuwaeleza. Helen alimsomesha Jeff ukurasa mbele ya macho yao, jiwe na mbuzi na taa. Priscah alisogea mlangoni, akasema hata majini siku hizi yanatumia stima. Min Clifford alivuta kigoda, akaketi akiitazama ile mashine kama mtu anayeletewa mkwe.

"Anakula?"

"Hali, Mama."

"Anakunywa chang'aa?"

"Hapana."

"Anakoroma?"

"Hapana, Mama."

Min Clifford alimtazama mwanawe kwa muda mrefu kidogo.

"Sauti ya mwanaume ni sauti ya mwanaume," Clifford alisema haraka. "Hii nyumba imeharibika. Tuamue leo, Mama. Nyar Suna arudi kwao."

"Tutaamua," alisema Min Clifford. "Lakini huyo wa chini ya mpapai ni nani?"

"Bado sijajua," Helen alisema. "Kitabu kinaendelea."

"Basi kiishe kwanza. Siwezi kuketi niamue mambo ya nyumba na maiti ya watu iko shambani."

Ikawa hivyo: kitabu kikiisha, familia iketi. Kila mchana Min Clifford alikuja kumlinda mkwewe dhidi ya Jeff, akiwa na kigoda chake na karanga. Hakumwamini yeyote. Mjane wa kitabuni alilia haraka mno. Pasta alikuwa na viatu vizuri mno. "Na huyo daktari," alisema akitema ganda, "mtu gani anakuja kwa mgonjwa kabla hajaitwa?" Nje, Clifford alipita karibu na dirisha kuuliza kama wamefika mwisho, na kila alipopita alikaa kidogo zaidi.

Helen alizipima kwa kidole kurasa zilizobaki. Zilikuwa nyembamba kama mkate wa kantini ya shule. Asubuhi moja akapanda gari kwenda Suna, kwa muuza vitabu vya mitumba, akavibeba kimoja kimoja mkononi kama mtu anunuaye viazi.

"Unataka cha nani, mwalimu?" muuzaji aliuliza.

"Cha yeyote. Hakuna kizito kuliko hiki?"

Alhamisi Jeff alimaliza sentensi ya mwisho, na bila kupumua akaingia katika kitabu kingine. Min Clifford aliacha kutafuna.

"Tulikuwa shambani. Mbona sasa tuko bandarini?"

Helen aliweka mkono juu ya jiwe, ingawa halikuwa na kazi wakati huo. "Muuaji alikuwa daktari, Mama. Ametoroka. Hapa amebadilisha jina."

Jeff akasema, "Tatu," akaendelea. Kutoka dirishani Clifford aliita: "Mama, kimeisha? Tuketi?"

Min Clifford alimtazama Helen, akautazama ule mfuko mzito uliotoka Suna, akachukua karanga nyingine.

"Nilijua atatoroka," alisema. "Clifford, nenda nyumbani. Bado hajashikwa."