Hesabu za Punje za Mahindi

Nikiwasha moto kwa magunzi, ule moshi wake mtamu kidogo hunirudisha kijijini Bahati, kwenye shule ya shamba nilikosoma mpaka darasa la nne, basi. Aliyenifungia njia nitamtaja, sina sababu ya kumficha. Lakini kwanza niwaambie habari za mtu mwema.

Mwalimu Zakayo alitufundisha hesabu kwa mahindi. Vitabu havikuwako. Alikuja na mahindi makavu mifukoni, koti limevimba kama mama mjamzito, akampa kila mtoto hindi moja. "Punje ngapi?" Rafiki yangu Wambui alianza moja moja, ulimi nje, akafika mia akapotea.

"Wambui, mama, utamaliza tukivuna tena," mwalimu akasema, tukacheka. "Hesabu mistari kwanza."

Mistari ya hindi huwa jozi: kumi na miwili, kumi na minne. Ukipata kumi na mitatu, ujue umekosea, rudia. Langu lilikuwa na mistari kumi na minne, kila mmoja punje thelathini na nane. "Zifanye arobaini," alinifundisha. "Mia tano na sitini. Sasa rudisha zile mbili ulizokopa kwa kila mstari." Ishirini na nane. Zikabaki mia tano thelathini na mbili, na mkono wangu haujagusa chaki.

Mtihani wa kwenda darasa la tano nikaufanya hivyohivyo. Pembeni mwa karatasi niliandika tarakimu mbili tatu tu, kisha jibu. Mwalimu mkuu, Elifasi, akaniita mbele ya wote.

"Kazi iko wapi? Umechungulia kwa nani, wewe Nyambura?"

Zakayo ndiye aliyesimama. "Muulize nyingine, mwalimu mkuu."

Elifasi akataka arobaini na tisa mara kumi na sita. Nikasema mia saba themanini na nne kabla hajageukia ubao. Yeye aliandika, akabeba, akafuta, akaandika tena, vumbi la chaki likamjaa kwenye mashavu. Akapata jibu langu. Darasa zima likatazama chini.

"Hesabu isiyoandikwa si hesabu," akasema, akanikata jina. Nafasi yangu akampa mtoto wa dada yake. Elifasi huyo huyo, mzee wa kanisa.

Jioni Zakayo alikuja nyumbani. Hakumsema Elifasi. Aliniambia mimi, mtoto, mbele ya baba: "Kosa ni langu. Nilikufundisha kufikiri, sikukufundisha kuwaonyesha." Mimi nikasikia neno moja tu, kosa. Nikaona ni yeye aliyeniharibia. Tangu siku hiyo tukikutana njiani niliangalia upande mwingine. Muhula uliofuata alihamishwa Gilgil, nikasema moyoni, vizuri.

Nilikuwa na watoto watatu mama aliponiambia. Elifasi ndiye aliyeandika barua ya kumwondoa, kwa sababu ya aibu ile ya ubaoni. Na Zakayo alijua ataandika. Alijua kabla hajafungua mdomo kusema, "Muulize nyingine."

Siku alipoondoka alipita mlangoni kwetu na sanduku kichwani, akaniaga kwa jina. Nilikuwa nachambua mboga. Nilimsikia vizuri sana, na sikuinua kichwa.