Injini Ilipozimika Juu ya Alizeti

Kwenye ule uwanja mdogo wa ndege walimwita Spana, na jina lake halisi mkewe alilikumbuka akikasirika tu. Kwa miaka thelathini na moja alifungua na kufunga injini za ndege ndogo katika banda la mabati lililonuka mafuta na kahawa iliyoungua. Siku hizi amestaafu. Akisikia ndege inapita juu ya nyumba, huacha kutafuna mpaka mlio uishe.

Rubani wa mojawapo ya ndege hizo alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mtu wa utani asiyeishiwa maneno. Ndege ikitoka matengenezoni, alimlazimisha Spana wapande pamoja kuijaribu. Mpishi naye aonje, alisema.

Asubuhi moja, baada ya mvua kunyesha usiku kucha, wakapaa. Hata hawajazimaliza paa za mwisho za mji, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Ukabaki upepo. Spana akageuza shingo kuutafuta uwanja nyuma yao, shemeji hakugeuka; kwa urefu ule mdogo, kuigeuza ndege kungewaangusha. Aliishusha pua ya ndege, akaielekeza kwenye shamba la alizeti lililokuwa mbele, kisha akasema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi mezani, "Fungua mlango shemeji, tusije tukakwama ndani."

Wakatua kwa kishindo. Gurudumu la mbele liling'oka, propela ikapinda, wao wakatoka na michubuko.

Wakiwa wamekaa kwenye tope, Spana akakumbuka matangi. Kwa haraka ya asubuhi ile hakuwa amekagua kama maji ya mvua yameingia kwenye matangi ya mafuta. Angeweza kunyamaza. Akasema yote.

Shemeji alijipangusa tope usoni. "Kukagua kabla ya kuruka ni kazi yangu pia, na sikukagua. Tutaandika tumekosa wawili."

Wakaandika hivyo kwenye ripoti ya mkaguzi wa ajali, wakasimamishwa kazi miezi mitatu. Dada aliwapakulia chakula wiki nzima bila kuwasemesha, hadi siku mumewe alipomwigiza mkaguzi mwenye kigugumizi cha hasira, dada akashindwa kujizuia, akacheka. Miezi ile ya karata barazani, Spana hajapata mingine mitamu kama hiyo.

Shemeji alifariki kwa uzee, kitandani kwake. Kila Jumapili Spana humtembelea dada. Huongea habari za wajukuu na magoti yanayouma, kisha dada husema, "Nyumba imepoa, mdogo wangu," naye huitikia kwamba kweli, imepoa.