Kitenge Kimoja Mashineni

Mtaa wetu wote wa Mususa uliijua siku ya kufua ya Mama Précieux. Mimi niliijua kuliko wote, maana ukuta wa jiko langu umegusana na wake, na ile mashine yake ilipoanza kukamua nguo, masufuria yangu yalishuka yenyewe kutoka rafuni. Nilisema maneno, tena si kidogo. Mashine gani inamfulia mtu mmoja na kuhangaisha mtaa mzima?

Aliileta mumewe, Hippolyte, enzi alipokuwa akisafiri Dubai kwa biashara. Nyumba ilijaa wakati huo: watoto wao, wapwa waliotoka Kipese kuja kusoma, na mashine ikanguruma tangu asubuhi bila mtu kulalamika. Hippolyte alipofariki, ndugu zake waligawana nguo zake baada ya matanga, kama ilivyo desturi yetu. Hata koti la mvua halikubaki. Watoto nao wakatawanyika, huyu Kampala, yule Kinshasa. Précieux, kifungua mimba, alimwambia mama yake kwa simu aitupe hiyo mashine kuukuu. Mama akamkatia simu.

"Kitu ya mukono ya baba yake inabakia hii tu," aliniambia. "Ikikufa, nitabakia na nini?"

Kelele zilipozidi, hofu ilimwingia. Alipachika matofali chini, akaweka jiwe la kusagia juu. Mashine ikacheza nalo. Mwishowe akamwita fundi Kambere, akaniita na mimi, maana mjane akimwingiza mwanamume nyumbani peke yake watu watasema. Nikaenda nimenuna, nikakaa kwenye kochi.

Kambere alizungusha pipa la mashine kwa mkono, sikio likiwa mlangoni pake. Akafungua mgongo wake, akachungulia, akagusa mkanda. Mama Précieux alisimama na kitenge chake kichafu kifuani kama mtu anayesubiri jibu la daktari.

"Yote iko bien," Kambere akasema. "Mama, unatiaka nguo ngapi?"

"Moja. Leo moja, Jumamosi ingine moja. Ilishazeeka, ninaisikilia huruma. Sitaki kuichokesha."

Kambere alimtazama, kisha akanitazama mimi, kana kwamba anataka nimsaidie kusema.

"Mama, mashini haina bugonjwa. Nguo ndiyo iko kidogo. Ukitia moja, inajikunja upande moja, donc inagonga. Hii mashini ilizoea familia."

Akavua koti lake, akalitia pamoja na kile kitenge na blanketi la kochini. Mashine ikakamua bila hata kutikisa glasi iliyowekwa juu yake. Tukasimama watatu tukiisikiliza ikinguruma taratibu, kama zamani. Mama Précieux akaanza kulia. Nilidhani ni furaha, nikampongeza.

"Hapana, Mama Hadassa," akasema. "Nitapata wapi nguo ya kuijaza?"

Kambere alirudi kwake na koti bichi begani.

Jumamosi iliyofuata sikusikia kishindo chochote. Nikachungulia uani kwake: kamba zote zilijaa mashuka. Yalikuwa mashuka ya vitanda vya watoto, vitanda ambavyo hakuna mtu aliyevilalia tangu waondoke. Muuza ndizi mmoja aliyekuwa akipita njiani akamwita:

"Mama Précieux, batoto balifika?"

"Bado," akajibu, akaendelea kubana vibanio.

Jioni aliyatandika tena, akanyoosha kila pembe, na Jumamosi nyingine akayatandua yakiwa safi vilevile. Nilishindwa kuvumilia. Nikamwendea na beseni langu kiunoni.

"Chukua ya kwangu, mama. Batoto bangu banachafua nguo kila siku."

Alilitazama lile beseni, akatabasamu kidogo.

"Wasingya, aksanti sana. Nguo zako zinaweza kujaza mashini. Mais bitanda je? Kama batoto banarudi gafula?"

Nikarudi na nguo zangu. Siku hizi masufuria yangu yametulia rafuni, jambo nililoliomba kwa Mungu miaka yote ile, na kila Jumamosi moyo unaniuma.