Mkwe Wangu Ndiye Mwenye Kisu

Mrija ule niliambiwa ni wa muda tu. Muuguzi aliuingiza asubuhi moja baada ya mkojo kukataa kabisa kutoka, akanifungia mfuko pajani, akaniambia nikaamue nyumbani nataka kutibiwa vipi. Muda huo ukawa miezi. Mimi ni mtu ambaye hata misa naisikiliza nimesimama karibu na mlango, na sasa kila nilipoinuka haraka mfuko ulinivuta. Nilizunguka ua. Nilikaza bawaba za lango ambazo hazikuwa zimelegea. Mke wangu alinitazama kutoka jikoni, akasema, "Papa, kaa chini kidogo. Unachokesha macho yangu."

Nilikuwa karani wa zamu kiwandani hapa Likasi mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kupanga nani anaingia na nani anatoka. Sasa tezi moja chini ya kibofu ilikuwa inanipangia mimi. Haikuwa saratani, walipima, wakasema ni tezi dume iliyonenepa tu kama inavyonenepa kwa wazee wengi, ikabana njia. Dawa nilimeza zikashindwa. Halafu mrija ukaniletea homa, ikapona, ikarudi kali zaidi, nikawa namwita mke wangu kwa jina la marehemu mama yangu. Nilipopata fahamu, daktari wa zahanati aliniambia waziwazi kwamba mrija ukiendelea kukaa, homa nyingine itanichukua. Lazima nipasuliwe.

Kupasuliwa hakukunitisha. Kilichonitisha ni kwamba mpasuaji wa mji wetu anayeijua kazi hiyo amemwoa binti yangu.

Wa mbali watacheka. Sisi ni watu wa Kasai. Baba yangu aliletwa huku kufanya kazi mgodini, nasi tukazaliwa hapa na kusema Kiswahili cha hapa, lakini haya ya ukwe, ile aibu kati ya mkwe na baba mkwe, baba hakuiacha kwao. Kwetu nyumbani mkwe hali chakula mbele ya baba mkwe. Hamkazii macho. Akija kutusalimu anakaa kiti cha karibu na mlango, na jambo lolote zito linapitia kwa mtu wa tatu. Na sasa huyohuyo aje anifunue shuka? Nilisema afadhali homa. Nilisema kwa hasira, na nilimaanisha.

Jumapili moja mkwe alikuja na binti yangu. Mtu wa tatu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi cherehani mwenye sauti ya kuuza samaki. Aliketi katikati yetu. Mkwe alizungumza akiangalia kalenda ya parokia ukutani.

"Ambia papa kama kuko njia tatu," alisema.

Shemeji akanigeukia, ingawa ningeweza kumgusa mkwe nikinyoosha mkono. "Docteur banasema kuko njia tatu."

"Nilisikia. Masikio yangu haina na ugonjwa."

Tukaendelea hivyo, maneno yakizunguka kwanza kwa shemeji ndipo yanifikie. Njia ya kwanza ni kuingiza chombo chembamba chenye waya wa umeme palepale panapopita mkojo, na kuikwangua tezi kutoka ndani. Hakuna jeraha la nje, na mgonjwa halali siku nyingi hospitali. Hiyo inafanywa Lubumbashi. Ya pili ni kufungua tumbo chini ya kitovu na kuitoa nyama iliyozidi kwa kidole, kama mtu anavyotoa chungwa ndani ya ganda lake. Damu inamwagika zaidi, na kupona kunachukua muda, lakini hata tezi kubwa inaisha. Hiyo huifanya yeye mwenyewe, hapa hapa. Ya tatu ni ya mwanga mkali, inayomwaga damu kidogo hata kwa tezi kubwa, ila mashine yake iko nchi ya jirani, ng'ambo ya mpaka, na mimi na mfuko wangu hatukuwa watu wa safari hiyo.

Hapo mkwe akamtazama mkewe, naye akainuka akaenda jikoni kana kwamba ameitwa. Mkwe akamnong'oneza shemeji. Shemeji akakohoa, akaangalia viatu vyake.

"Banasema, kisha opération, hata ikuwe njia gani, nguvu ya mwanaume inaweza kubakia. Lakini mbegu, mara mingi inarudia mu kibofu. Haitoke tena inje."

"Batoto nilishazaa," nikasema. "Hata yee alishakamata moja."

Hakuna aliyecheka, ingawa mabega ya mkwe yalitikisika kidogo.

Nikasema nachagua ya kwanza. Nilitaja jeraha, nikataja damu na umri wangu, nikajifanya nimepima. Kusema kweli niliichagua kwa sababu iko Lubumbashi. Mkwe akaiambia kalenda kwamba tezi ya papa ni kubwa mno kwa ile ya waya, kwamba ingetaka kukwanguliwa muda mrefu mezani, na muda mrefu ni hatari. Shemeji akarudia neno kwa neno. Nikainuka kwenda kuangalia lango.

Lubumbashi nilikwenda wiki hiyohiyo na jirani mwenye gari, bila kumuaga binti yangu. Njia nzima malori ya madini yalitutangulia na kutufunika vumbi, nami nilijigeuza kitini mpaka jirani akaniuliza kama nimekalia siafu. Daktari wa huko alikuwa mtu mchangamfu. Alinilaza, akanishusha suruali, akapitisha kile chombo chao baridi juu ya tumbo langu, akatazama kioo, akatazama tena.

"Muzee, hii haifae na ile ya waya. Ni mukubwa sana. Hata miye ntakufungula tumbo." Kisha akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Likasi. "Sasa ulikuja kutafuta nini huku? Kule muko na muntu. Tulisoma naye. Mukono yake ni muzuri kupita yangu."

Kabla sijapata uongo wa kumpa, alikuwa ameshapiga simu na kuiweka mezani sauti ikiwa wazi. Sauti ya mkwe wangu ikajaa chumbani. Mwenzake akamweleza kwa furaha: mzee wa kwenu yuko hapa, tezi yake hivi na hivi, jina lake ndilo hili. Mimi nilikuwa nimelala pale suruali ikiwa magotini.

"Ambia papa avae," mkwe akasema. "Na umuambie, akikosa gari ya kurudia, nitatuma moja."

Nilikasirika njia yote ya kurudi. Nilimkasirikia daktari yule na simu yake, nikaikasirikia tezi, na zaidi nilimkasirikia mkwe kwa upole wake, maana angenifokea ningekuwa na la kusema.

Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu neno lake ndilo la mwisho, aliniita nyumbani kwake. Hakunikaribisha kiti; anajua sikai.

"Haya iko na dawa yake," alisema. "Mbuzi."

"Basi alete. Yee njo mukwe."

"Nani anaomba mwenzake? Yee anaomba akupasule?"

"Miye njo naomba."

"Basi mbuzi ni yako."

Nilitoka bila kuaga. Mimi niliyekula mahari ya binti yangu, mimi ndiye nimpelekee mkwe mbuzi? Hata baba yangu kaburini angegeuka. Lakini jioni ile baridi ilinitambaa mgongoni, nikajua inakotoka, na nikaogopa kufa. Naandika hivyo bila kupamba: niliogopa. Asubuhi nilikwenda Buluo, nje ya mji, kwa mtu anayefuga, nikarudi na mbuzi dume mweupe. Tulimfunga uani kusubiri Jumamosi, naye hakutulia. Tulizunguka pale wawili, yeye na kamba yake, mimi na mfuko wangu, mke wangu akasema sasa ana wagonjwa wawili.

Jumamosi tuliwekewa sahani moja ya bukari, ugali wetu wa huku, na moja ya nyama, mimi na mkwe peke yetu, wengine wakitutazama. Hiyo ndiyo dawa yenyewe: kula pamoja, mkono wake na wangu katika sahani moja. Alinyoosha mkono kuchukua tonge, nikaona unatetemeka. Ulikuwa ni mkono uleule ambao wiki ijayo ungeshika kisu. Nilitafuta kipande cha ini, nikakisogeza upande wake.

"Kula. Mukono ya njaa inatetemeka."

Akala.

Siku ya kupasuliwa walinidunga sindano ya mgongo, miguu ikawa si yangu tena, wakatundika kitambaa kifuani ili nisione. Walinifunika kote, wakaacha pale tu pa kufanyia kazi, ndipo nikasikia mlango na sauti ya mkwe. Alikuwa amepanga asiingie kabla sijafunikwa. Alimwomba muuguzi hiki na kile, kwa sauti ya mtu aliye kwake. Haikutetemeka hata kidogo. Nilimuuliza muuguzi kama damu ni nyingi. Muuguzi akamuuliza yeye. Yeye akamwambia muuguzi amjulishe papa kwamba ni ya kawaida. Mbuzi mzima tumekula, nikawaza, na bado.

Nilikaa hospitali muda ambao sikudhani ningeweza kuuvumilia. Kisha asubuhi moja wakautoa mrija. Wakaniambia ninywe maji na kungoja; mkojo ukikataa, mrija unarudi. Nilikunywa. Nilitembea baraza lile kwenda na kurudi, mkono tumboni juu ya mshono, mpaka wagonjwa wenzangu wakaanza kulalamika. Haja ilipokuja niliingia msalani, nikafunga mlango, nikasimama. Hakuna kitu. Nikaegemea ukuta. Nikasali nusu ya sala, sikumbuki ipi.

Nje nilisikia viatu vya mkwe vikisimama. Muuguzi hakuwepo. Shemeji hakuwepo. Binti yangu alikuwa kazini. Hapakuwa na mtu wa kupitishia neno, na nilidhani ataondoka kwenda kumtafuta.

"Papa," akasema mlangoni. "Inatoka?"

Tangu amwoe binti yangu, alikuwa hajawahi kuniuliza kitu mimi mwenyewe. Na hapo, kwa moto kidogo, kwanza kidogo halafu kwa nguvu kama ya kijana, mkojo ukaanza. Machozi nayo yakanitoka, sikuyazuia.

"Inatoka, mutoto yangu," nikasema. "Ngojea imalize."

Akangoja.