Boila ya Mama

Mama hakuwahi kuisamehe Oman kwa baridi yake. Joto alilisamehe, vumbi alilisamehe, hata wale majirani zetu wa mji wa Ibra waliokuwa wakimcheka Kiarabu chake aliwasamehe, na baadaye akawa anawapelekea mandazi. Lakini baridi, hapana. Tulipohamia kutoka Unguja nilikuwa mtoto, na karibu kitu cha kwanza ninachokumbuka huku ni mama kavaa kanga tatu, moja juu ya nyingine, anamuuliza baba kwa hasira kwa nini hakuambiwa mapema.

Kwa hiyo nilipostaafu na kuamua kuhamia nyumba ya ukoo wa mke wangu, kule Jabal Akhdar juu ya Nizwa, ndugu zangu waliona nimerukwa na akili. Mlimani wakati wa baridi maji huganda kwenye ndoo. Na mama alikuwa akikaa kwangu tangu baba alipofariki, wala hakutaka kukaa kwa mwengine.

"Mama utamuua," dada yangu anayekaa mji wa Sur aliniambia kwenye simu.

"Simuui. Nitamfungia boila."

Maisha yangu yote nimefanya kazi ya mitambo ya kufua umeme. Moto wa mafuta naujua. Niliifunga boila ile mwenyewe, mtambo wa kuchemsha maji yanayopita kwenye mabomba na kuitia nyumba joto, na sioni haya kusema kwamba niliifunga vizuri. Niliiweka katika chumba kidogo nyuma ya jikoni, kinachopakana na chumba cha mama, ili mabomba ya maji moto yawe mafupi na joto lianzie kwake. Tangi la dizeli lilikaa nje, juu ya matofali, na koki yake unaweza kuifunga bila kuingia ndani. Swichi nayo niliitoa nje ya mlango. Dohani ya kutolea moshi niliipandisha mpaka ikapita paa. Kisha chini ya ukuta nikatoboa tundu la hewa, upana wa viganja viwili, nikalitia wavu wa kuzuia panya.

Tundu lile ndilo lililokuwa roho ya kazi nzima. Moto wa dizeli unataka hewa nyingi, na ukiunyima hauzimiki. Unaendelea kuwaka vibaya, unatoa masizi na sumu. Nilimweleza mama yote hayo, nimesimama mbele yake na bisibisi mkononi kama mwalimu na chaki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi n'nataka joto," akasema. "Hayo mengine yako."

Ikawa hivyo. Kila mwaka kabla ya baridi kuanza nilikuwa nikibadilisha nozeli, kile kitundu kinachopulizia dizeli, nikiosha chujio, nikisugua masizi ndani ya boila, halafu nikichungulia moto kwenye kijidirisha chake. Moto mzuri hung'aa na kutulia. Nikisharidhika nafunga mlango wa chumba, na mpaka baridi iishe sina haja ya kuufungua. Ni tabia ya mafundi wa rika langu: mashine ikienda vizuri, usiichokoe.

Kitu kimoja sikukifunga. Vijana niliokuwa nikiwafundisha kazini waliniaga kwa zawadi ya kengele ndogo ya kutambua gesi ya sumu. Niliwashukuru, nikaitia kwenye mtoto wa meza pamoja na boksi lake. Nilijiona sina haja nayo, kwa kuwa moto ukienda kombo pua yangu ingeniambia. Nilikuwa na kiburi, na kiburi changu kilikuwa puani.

Majira ya baridi yaliyopita binti yetu alijifungua huko Maskati, na mke wangu akateremka kwenda kumlea siku zake arobaini. Tukabaki wawili, mama na mimi. Mama alifurahi kupita kiasi. Zaidi ya miaka themanini anayo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa na nyumba ya kuiendesha. Alilifuta kabati la vyombo mara mbili, akahamisha sufuria zote, kisha akashika suala la nguo.

Kwetu nguo haijawa safi kwa kufuliwa tu. Ikikauka inatandazwa juu ya tenga, chini ya tenga unawekwa udi kwenye chetezo chenye makaa, na nguo inakaa pale mpaka harufu iingie kwenye uzi. Mke wangu hufanya hivyo mara moja kwa wiki, barazani. Mama aliona baraza ina baridi. Basi nilipokuwa bustanini kwenye mikomamanga, yeye akagundua chumba cha boila, kikavu, chenye joto, kidogo, akahamishia humo kamba ya nguo, tenga na chetezo.

Sikujua. Nilichojua ni kwamba kila nikiingia jikoni nakutana na harufu ya udi, harufu ya nyumba yetu ya Unguja siku ya Idi, na moyo wangu unafurahi. Nilivaa kanzu zangu nikanukia mpaka imamu akaniuliza kama ninaoa tena.

Baada ya wiki mbili hivi mama alianza kupotea. Kwanza vitu vidogo. Chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Kaswali adhuhuri, kakunja mswala, halafu ananiuliza kama keshaswali. Kichwa kinamuuma kila asubuhi, akajifunga kitambaa na kujipaka mafuta ya karafuu, anasema ni baridi imempanda. Mimi pia kichwa kiliniuma kidogo. Nilidhani ni kwa sababu ya kumtazama yeye.

Kisha ikaja asubuhi moja. Nimetoka msikitini, jua lishachomoza, nikaenda chumbani kwake kama kawaida.

"Shikamoo, mama."

Aliinua uso akanitazama, kisha akaivuta kanga yake kichwani vizuri, namna anavyofanya mbele ya mwanamume asiyemjua.

"Marahaba, baba. Karibu, kaa kitako. Mwanangu katoka, atarudi sasa hivi."

Alisema kwa adabu kabisa. Alitazama huku na huku kutafuta cha kunikirimu. Nikamwambia, mama, ni mimi. Akasema, aa, najua. Lakini macho yake hayakujua. Nilitoka nikaenda kukaa juu ya ngazi za uani.

Daktari wa kituo cha afya aliniuliza umri wake. Nilipomtajia akatikisa kichwa kwa huruma, akaniandikia vitamini. Kwa wote tuliomzunguka jibu lilikuwa lishapatikana, nalo ni uzee. Dada yangu alipanda kutoka Sur na mumewe, akamkumbatia mama, akaniangalia vibaya, akamchukua kwake kwa wiki moja.

Siku ya tatu akanipigia simu.

"Kaka, wewe unasema mama gani? Huyu mzima, wallahi. Leo kanisuta mbele ya wakwe zangu, ati pilau yangu haina bizari. Anakuulizia wewe kila saa, anataka kujua kama unakula."

Nilisema alhamdulillah, nikakata simu, na badala ya kufurahi nikakasirika. Nasema kweli kama ilivyo. Huyu ni mama niliyembeba mgongoni kumpandisha mlimani, kwa namna ya kusema, niliyemtobolea ukuta na kumpitishia mabomba. Kwa dada yangu ana akili timamu, na kwangu mimi nageuka mgeni. Niliona wivu kama mtoto wa miaka mitano.

Wakamrudisha, naye alishuka garini akinisema kwamba nimekonda. Siku tatu baadaye akaniuliza nyumba hii ya nani.

Siku hiyo nilikwenda bustanini kupogoa mikomamanga, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi. Na katikati ya kukata nikasikia sauti yangu mwenyewe ya miaka mingi nyuma, ikiwaambia wanafunzi: injini ikifa mahali pamoja na ikienda vizuri kila mahali pengine, msiifungue injini. Tazameni mahali ilipokaa. Niligeuka nikaitazama nyumba. Mdomo wa dohani yangu ulikuwa mweusi, na masizi yameteremka kwenye ukuta wa chokaa. Moto wangu haujawahi kutoa masizi.

Kwa umri wangu mtu hakimbii. Nilikimbia. Nikazima swichi, nikafunga koki ya tangi, nikaenda moja kwa moja chumbani kwa mama, nikamnyanyua kitandani na blanketi lake nikamweka uani kwenye jua. Alikuwa mwepesi mno. Nikarudi kufungua milango na madirisha yote, mwisho nikavuta pumzi nje, nikaizuia, nikafungua mlango wa chumba cha boila.

Hata bila ya kuvuta pumzi, udi ulikuwa mzito mle ndani kiasi cha kuulamba. Kanzu zangu zimetandazwa juu ya tenga, kola zote zimeelekea upande mmoja. Na chini ya ukuta, kwenye tundu langu la hewa, kulikuwa na kanga iliyokunjwa mara nne na kuchomekwa pembeni kote kwa uangalifu, kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Moto ukikosa hewa ulikuwa ukitema sumu yake ndani, na mkaa wa chetezo ukiongeza yake. Yote yalipita kwenye upenyo wa ukutani, kando ya mabomba niliyoyapitisha mimi, yakaingia kwa mama.

"Mama, nani kaziba lile tundu?" nikamuuliza nilipomfikia uani.

"Mimi," akasema kutoka kwenye blanketi, bila ya wasiwasi. "Udi wote ulikuwa unatoka nje kuwafukiza mbuzi wa jirani."

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Alidhani namgombeza yeye, akajikunja, na mpaka leo nikikumbuka alivyojikunja nataka kujipiga.

Hospitali ya Nizwa walimpima damu, wakamtia hewa safi kwa kinyago. Daktari kijana aliniambia ni sumu ya moshi. Hiyo ndiyo inayoumiza kichwa na kuvuruga akili. Nikamwambia mimi ni fundi, ningeinusa.

"Haina harufu, mzee wangu," akasema kwa upole. "Na hata ingekuwa nayo, ungenusa udi."

Mama alikwenda tena Sur, wiki mbili. Mimi nilibaki na boila iliyozimwa, nikavaa makoti mawili nikafanya kazi ya adabu. Nilizungushia saruji kila bomba linalopita ukutani. Nikatoboa tundu jingine la hewa juu, asipofika mtu, na lile la chini nikalifungia fremu ya chuma isiyozibika kwa kitambaa. Mlango nikautia kufuli. Kengele niliitoa kwenye boksi lake, nikanunua na nyingine, moja chumbani kwa mama na moja ukumbini. Halafu nikafanya jambo gumu kuliko yote: nikamwita fundi mwengine, kijana mwenye kipimo cha moshi, nikamshikia tochi huku anakagua kazi yangu. Mpaka aliposema moto ni safi sikuiwasha. Tenga la mama nikalirudisha barazani, nikamzungushia turubai akae bila ya kupigwa na upepo.

Alirudi akiwa yeye mwenyewe. Alinitambua tangu getini, akauliza nani kahamisha sufuria zake, maana mke wangu alikuwa kesharudi kutoka Maskati na kuzirudisha mahali pake. Asubuhi ya pili tulikuwa tunabadilisha shuka za kitanda chake, yeye ncha ile, mimi ncha hii, nilipouinua mto ikaanguka karatasi.

Ilikuwa ya daftari, imekunjwa, laini kwa kushikwa. Mwandiko wake, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuo cha Kurani Unguja. Ameandika majina yetu sote sita, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mbele ya ndugu yetu wa pili kaandika marehemu, usimuulizie. Mbele ya dada yangu, yuko Sur. Na mbele ya jina langu: huyu ndiye ninayekaa naye. Mrefu, ndevu nyeupe. Hukasirika upesi, lakini hupoa.

"Lete hapa," mama akasema. Lakini nilikuwa nimeshasoma.

Alikaa juu ya godoro lisilo na shuka, akayatazama magoti yake.

"N'likuwa najua kwamba nasahau," akasema. "Nikikisoma kikaratasi hiki kila asubuhi kabla hujaja kunipa shikamoo. Siku nyengine miwani siioni. Sikutaka ujue, mwanangu. Ungeona umenilea bure."

Nilipiga magoti nikauweka uso wangu mapajani kwake nikalia, mzee mzima. Alinipapasa kichwa. Nilipoweza kusema nikamwambia, mama, hukuwa wewe, ulikuwa moshi tu, na umekwisha. Hebu tukichane kikaratasi hiki.

Akakichukua mkononi mwangu, akakinyoosha juu ya goti, akakisoma chote polepole mpaka kwenye jina la mwisho.

"La," akasema. "Kiweke. Kuna siku haitakuwa moshi."

Nikakikunja kwa mikunjo yake ileile, nikatandika shuka, nikakirudisha chini ya mto.