Gisela wa Magurudumu Matatu

Hettie Thurlow alikuwa binti wa muoka mikate wa Norfolk, Uingereza. Miaka mitatu ya vita tuliketi meza moja katika kibanda cha mbao, nje ukungu umelala kwenye nyasi, naye akisoma karatasi za jumbe za siri za adui zilizonaswa redioni huku akitabasamu, utadhani kaletewa barua ya posa. Alikuwa akinichosha, na nilimpenda sana.

Mashine ya Wajerumani ya kufichia maandishi ukiizoea ni kama ndoto. Unabonyeza A, umeme unapita kwenye magurudumu matatu yaliyojaa nyaya, unagonga mwisho, unarudi kwa njia nyingine, na taa ya K inawaka. Gurudumu linasogea. Bonyeza A tena, sasa inawaka T. A yenyewe haiwaki kamwe. Anayepokea akiyapanga magurudumu kama ya mwenzake, vurugu hugeuka maneno.

Warushaji wao wa redio waliamriwa wachague ovyo ovyo herufi za kupangia magurudumu, tatu za wazi na tatu za siri. Lakini mvivu mmoja huko jangwani alirusha GIS waziwazi kila asubuhi, kisha akaficha tatu nyingine. Hettie akakisia: ELA. Gisela, mchumba wake! Kwa jina hilo tulisoma habari za ndege zao siku nzima, na Wilf, kaka yake Hettie, alikuwa jangwani chini ya ndege hizohizo.

Asubuhi moja ya Oktoba ikaja MUT.

"Basi, kakaripiwa huyo," nikasema. "Tumekwisha."

"Hebu nyamaza, shoga." Akafumba macho mpaka chai yake ikapoa. "Wilf akiwa na raha humwandikia mchumba wake Doris. Akiogopa, humwandikia mama."

Akaandika TER. Mutter, yaani mama kwa Kijerumani. Kufika adhuhuri tulijua kambi ya Wilf itapigwa mabomu kesho yake, ikahamishwa. Tulishangilia. Hettie akalia.

"Unamlilia adui?" nikamkemea. Hadi leo naona haya.

"Anamwita mama yake, nasi tunapiga makofi."

Wiki ile ikawa ya mwisho kumsikia mrushaji yule.

Tulikuwa tumeapa kutosema lolote juu ya kazi ile, hata kwa ndugu. Vita vilipokwisha Hettie akazaa binti, akamwita Gisela. Siku ya ubatizo Wilf aligeuka mwekundu.

"Jina la Kijerumani? Kwa yote waliyonifanyia?"

"Nimelipenda tu, kaka."

Nilikuwa nimempakata mtoto, nikauma midomo. Wilf aliishi miaka thelathini zaidi, na jina lile hakulitamka hata mara moja.