Msomi wa Karavati Asiyeliona Karavati

Binamu yangu alisomea shahada ya udaktari ya uhandisi wa barabara na maji kwa miaka saba, na katika miaka yote hiyo hakulowesha hata soksi. Swali lake lilikuwa moja: kwa nini barabara kuu hukatika pale kwenye kona kila msimu wa mvua? Jibu alilitafuta ghorofa ya tatu chuoni, mbele ya kompyuta, feni ikimpepea. Nyumbani tulimwita Profesa Mtarajiwa. Hakukasirika, alidhani tunamsifu.

Dada yake mkubwa, fundi cherehani, anaishi hatua chache kutoka kwenye kona ile. Alimpigia simu mara nyingi.

"Mdogo wangu, hili karavati la kupitisha maji chini ya barabara ni jembamba. Mbuzi akiingia humo hageuki."

"Dada, michoro rasmi inasema upana wake ni sentimita mia na ishirini."

"Basi njoo upime."

"Utafiti wa udaktari haufanywi kwa tepu ya cherehani, dada."

Tasnifu ikatoka, kurasa mia tatu na kumi. Ilithibitisha kwamba karavati linatosha hata kwa mvua kubwa kupita zote, na kwamba barabara ikikatika, wa kulaumiwa ni wakazi na takataka zao.

Siku ya kuitetea, mtahini kutoka chuo kingine, mama wa makamo, alichelewa kwa saa tatu nzima. Binamu yangu alimngoja ndani ya suti mpya, akitazama saa kama mtu aliyevunjiwa heshima. Mama akaingia, sketi imelowa hadi magotini, viatu mkononi.

"Mnisamehe," alisema. "Ukurasa wa mia na nne unasema maji hayawezi kunizuia pale kwenye kona. Yamenizuia. Hilo karavati ulilipima mwenyewe?"

"Nilitumia michoro rasmi."

"Umewahi kuliona?"

Binamu yangu akaanza kueleza habari za picha za setilaiti. Mama akaifunga tasnifu taratibu, akamtuma akapime.

Alikwenda wiki iliyofuata, maji yalipopungua, kavaa buti zenye lebo ya dukani. Tepu hakubeba, kwa hiyo dada yake akaleta yake, akashika ncha moja. Sentimita sitini. Mkandarasi aliyeijenga barabara alichora bomba kubwa, akalaza dogo, akaenda zake.

Msomi akakaa chini kando ya lami. "Miaka saba," alisema.

Dada yake hakumbembeleza. "Ungekuja mwaka wa kwanza, ungemaliza kabla ya chai."

Aliandika upya, akahitimu. Siku hizi hualikwa kwenye semina kuwafundisha vijana umuhimu wa kufika eneo la utafiti, na huwakaripia kweli kweli, kana kwamba yeye alizaliwa mle karavatini. Kwenye ukurasa wa shukrani wa tasnifu yake amewataja wahadhiri, wakutubi, hata waliotengeneza programu ya kompyuta. Dada yake hayumo. Nilimuuliza kwa nini.

"Nafasi ilikuwa ndogo," alinijibu.